Haki ya Mhakiki wa Gemu na Mapenzi ya Shabiki

Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Ludlow nchini Uingereza, kampuni ya Newsfield ilianza kuchapa jarida la Crash kwa wenye kompyuta za ZX Spectrum. Mwaka uliofuata ikatoa Zzap!64 kwa wenye Commodore 64. Kambi hizo zilibishana bila kuchoka kuhusu mashine ipi ni bora, na kampuni ileile ikaziuzia zote mbili. Kompyuta ilikuwa ghali. Kijana aliyenunuliwa moja hakutarajia ya pili, hivyo aliitetea aliyokuwa nayo na kutafuta jarida lililoizungumzia. Ushabiki, basi, umo katika uhakiki wa gemu tangu enzi hizo, na ndio uliouza majarida. Anayedai leo mhakiki asiyependa upande wowote anatafuta haki mahali ambapo haijawahi kukaa.

Ushahidi wangu mkubwa ni Amiga Power, jarida la Uingereza la wenye kompyuta za Amiga lililotoka kati ya 1991 na 1996. Jina lake lenyewe lilitangaza upande wake, lakini mizani yake ilikuwa wazi: gemu ya kawaida ilistahili asilimia 50, hata kama kwingine wasomaji walizoeshwa kuona 70 kwa gemu ya namna hiyo. Gemu mbovu za Amiga zikapewa alama za chini kwelikweli, na baadhi ya watengenezaji wakakasirika. Waandishi wale waliipenda mashine yao kiasi cha kutovumilia ichafuliwe na kazi ya ovyo. Nintendo Power, iliyoanza Marekani mwaka 1988, nayo ilijaa mapenzi, ila mwenye jarida alikuwa Nintendo yenyewe. Muuzaji ndiye aliyeisifu bidhaa. Kilichoyatenganisha majarida haya mawili ni mkono unaolipa mshahara. Mkono huo ulionekana tena Novemba 2007, mhakiki Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot alipoipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10 wakati tovuti hiyo imepambwa na matangazo ya gemu hiyohiyo. Muda mfupi baadaye akafukuzwa kazi, na mwaka 2012 akaeleza hadharani shinikizo la watangazaji lililokuwa nyuma ya kufukuzwa huko.

Atauliza mtu: je, si mashabiki waliomimina alama za sifuri kwa The Last of Us Part II siku ilipotoka, Juni 19, 2020? Ni kweli, na ni aibu. Lakini gemu hiyo huchukua zaidi ya saa 20 kuimaliza, na wengi walihukumu kabla ya kufika popote. Kosa lao lilikuwa kuhukumu wasichokicheza, na ndiyo maana Metacritic, tovuti inayokusanya alama hizo, iliweka muda wa kusubiri wa saa 36 kabla ya watumiaji kutoa alama. Wengine hushauri mhakiki apime picha, sauti na kasi tu, aache mapenzi. Vipimo hivyo havisemi kama gemu inafurahisha, na hilo ndilo mnunuzi analouliza. Jarida la Famitsu la Japani lilipata njia bora zaidi tangu mwaka 1986: wahakiki wanne, kila mmoja na alama yake kati ya 10, zote zikichapwa pamoja. Mmoja akitoa 9 na mwenzake 5, msomaji anaiona tofauti hiyo na kuchagua wa kumwamini.