Mlango wa Bweni

Mzazi ampelekapo mwanawe katika shule ya bweni au chuo kikuu, huuliza mambo mengi: ada ni kiasi gani, walimu ni watu wa namna gani, chakula chatosha au hakitoshi. Lakini ni wachache waulizao habari za nyumba atakayolala. Na tazama, mwanafunzi hukaa darasani saa chache tu za mchana. Saa nyingine, pamoja na zile za giza ambazo hawezi kujilinda kwa kuwa amelala, huzipitisha katika nyumba ile. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu kwa ufupi historia ya nyumba za wanafunzi: jinsi zilivyoanza, hatari zilizowafanya watu wazijenge hivyo zilivyo, na jinsi ukuta uliowekwa uwe kinga ulivyoweza kugeuka kuwa mtego.

Kuwatenga vijana walale peke yao si jambo geni katika Afrika. Wanyakyusa wa Rungwe, kwa mfano, walikuwa na desturi ya wavulana wa rika moja kujijengea vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao, wakalala huko, nao wakarudi kwa mama zao kula. Lakini vijana hao walikuwa karibu na nyumbani, na kilio cha usiku kiliweza kusikiwa na wazazi. Nyumba ya wanafunzi waliotoka mbali, wasio na ndugu mahali pale, ni jambo lingine. Na asili yake tutaitafuta Ulaya, hasa katika mji wa Oxford huko Uingereza, kwa sababu namna ya mabweni tuliyoipokea Afrika ya Mashariki kwa sehemu kubwa ilitoka katika nchi ile.

Hapo kwanza chuo cha Oxford hakikuwa na nyumba za kulala. Wanafunzi walikuja wakiwa vijana wadogo, wakapanga vyumba kwa watu wa mji, au wakakaa wengi pamoja katika nyumba ya kupanga chini ya mwalimu mmoja. Basi yakazuka magomvi kati ya wenyeji na wageni hao, juu ya kodi, juu ya bei ya chakula na juu ya ulevi. Mwaka wa 1209 mwanamke mmoja wa mji aliuawa, na watu wa mji wakawanyonga baadhi ya wanafunzi kwa kulipiza kisasi. Walimu na wanafunzi wengi wakaukimbia mji, na baadhi yao wakaenda Cambridge. Ndio mwanzo wa chuo kikuu cha huko.

Tena mwaka wa 1355, tarehe 10 Februari, wanafunzi wawili waligombana na mwenye duka la kileo juu ya ubaya wa mvinyo wake. Ugomvi mdogo ukawa vita. Kengele zikapigwa, watu wa mashamba ya jirani wakaingia mjini kuwasaidia wenyeji, nao wakavunja milango ya nyumba walimolala wanafunzi na kuwaua humo. Mapigano yaliendelea siku tatu. Habari zilizopokewa husema walikufa watu wa chuo wapata 63 na watu wa mji wapata 30. Mfalme Edward wa Tatu akakipa chuo mamlaka makubwa juu ya mji, na kila mwaka wakuu wa mji wakalazimika kuhudhuria ibada ya toba na kulipa faini, hata desturi hiyo ilipokoma mwaka wa 1825.

Katika habari hizo wasomaji wataelewa kwa nini nyumba za wanafunzi zilianza kufanana na ngome. Mwaka wa 1379 Askofu William wa Wykeham aliasisi chuo kiitwacho New College, na wanafunzi wakaanza kukaa katika majengo yake mwaka wa 1386. Kiwanja kilikuwa kando ya boma la mji, na chuo kikachukua jukumu la kulitunza boma hilo lipitalo katika ardhi yake. Majengo yalipangwa yote pamoja: kanisa, ukumbi wa kulia, maktaba na vyumba vya kulala, vyote vikiuzunguka ua mmoja, na lango kuu lilikuwa moja. Juu ya lango hilo ndipo alipokaa mkuu wa chuo mwenyewe, apate kuona kila aingiaye na kila atokaye. Chumba kimoja walikaa wanafunzi kadhaa, na mkubwa mmoja miongoni mwao alipewa kazi ya kuangalia mwenendo wa wadogo. Hata choo hakikusahauliwa: lilijengwa jumba refu, vyoo vikiwa ghorofani na shimo kubwa chini yake.

Tunasifu akili ya mjenzi huyo. Alifahamu kwamba vifaa vya nyumba na usalama wa nyumba ni neno moja. Kijana mwenye mahali pa kula, pa kusomea na pa kujisaidia ndani ya ua, hana haja ya kutangatanga mjini usiku. Majengo ya namna hiyo yakafuatwa na vyuo vingi, hata nje ya Uingereza.

Walakini miaka ilipopita lango lilibadilika kazi. Hatari ya watu wa mji ikapungua, lakini lango likaendelea kufungwa usiku, na sasa si kwa kumzuia adui asiingie, bali kwa kumzuia mwanafunzi asitoke. Aliyechelewa alitozwa faini, na vijana wengi waliruka ukuta kuliko kuonekana na bawabu. Sheria ya nchi ilimhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 21, na chuo kilisimama mahali pa mzazi wake. Mwaka wa 1970 umri huo ulishushwa Uingereza ukawa miaka 18, na nguvu ya masharti ya lango ikapungua. Lakini lile wazo, kwamba bweni jema ni bweni lililofungwa sana, lilikuwa limekwisha vuka bahari.

Wengi wa waliojenga shule zetu za bweni wakati wa ukoloni, wamisionari na maofisa wa serikali, walikuwa wamelelewa katika shule za namna hiyo. Tena huku kwetu kulikuwa na wezi, na wazazi waliogopa hasa kwa ajili ya binti zao. Basi madirishani zikatiwa nondo, na mlangoni likatiwa kufuli kwa nje. Kila mtu aliyafanya hayo kwa nia njema. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na moto hauji kwa kubisha hodi langoni, huanzia ndani, kitandani.

Tazameni yaliyotokea. Mwezi wa Juni, 1994, wasichana wapata 40 waliungua katika bweni la Shauritanga, wilaya ya Rombo, Kilimanjaro. Mwezi wa Machi, 1998, wasichana 26 walikufa katika bweni la Bombolulu, pwani ya Kenya. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango umefungwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, bweni la wavulana la Kyanguli, Machakos, lilichomwa usiku kwa petroli. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 wakafa. Mwaka wa 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, mkoa wa Iringa, katika moto ulioanza kwa mshumaa wa kusomea. Mwaka wa 2017 wakafa wasichana 10 Nairobi, na Septemba 2024 wakafa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Sababu za mioto hiyo hazikuwa moja. Mmoja uliwashwa kwa uovu, mwingine kwa mshumaa wa mtoto aliyetaka kujifunza wakati hakuna taa. Lakini ukiondoa cheche ya kwanza, yanayobaki hufanana mara nyingi mno: vitanda vimesongamana, mlango ni mmoja tu ufunguliwao, madirisha yana vyuma, na ufunguo u mkononi mwa mtu alalaye kwingine. Cheche huweza kuwaka katika nyumba yoyote. Kufuli ndiyo igeuzayo moto kuwa msiba.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka wa 2008 ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule. Humo imeandikwa kwamba bweni liwe na mlango kila mwisho, na wa dharura katikati. Kwamba milango iwe mipana, ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo. Kwamba madirisha yasiwe na nondo. Na kwamba kati ya kitanda na kitanda ibaki nafasi ya mita 1.2. Kanuni ni njema. Lakini baada ya msiba wa 2024 serikali ilipokagua mabweni ya shule za msingi, ilifunga ya shule zaidi ya 300 kwa sababu hayakutimiza masharti. Yaani miaka 16 ilikuwa imepita, na maandishi bado hayajafika mlangoni.

Labda msomaji atasema, basi tung'oe kufuli zote tuache milango wazi. Hapana, hilo nalo lina historia yake. Katika Marekani, mwezi wa Aprili 1986, msichana mmoja wa miaka 19, Jeanne Clery, aliuawa chumbani mwake katika bweni la chuo kikuu cha Lehigh. Aliyemwua alipita katika milango iliyopaswa kujifunga yenyewe, ambayo wanafunzi walikuwa wameitegemeza kwa maboksi ili wenzao wasipate taabu ya kuingia. Wazazi wake hawakuishia katika kulia. Waliwaendea watunga sheria, na mwaka wa 1990 ikapitishwa sheria inayovilazimisha vyuo kutangaza kila mwaka hesabu ya maovu yaliyotendeka katika maeneo yao, ili mzazi ajue kabla ya kumpeleka mwanawe.

Nasi Afrika ya Mashariki tuna jeraha letu la namna hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia alfajiri katika chuo kikuu cha Garissa, wakawafuata wanafunzi mpaka mabwenini, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Siku 10 baadaye, katika bweni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu, mtambo wa umeme ulipasuka usiku. Wanafunzi wakadhani wameshambuliwa. Wakakanyagana, wengine wakaruka madirishani. Mmoja akafa, na zaidi ya 100 wakaumia. Adui hakuwapo. Walioumia waliumizwa na hofu, na kwa kutojua la kufanya.

Basi jambo tulitakalo kusema ni hili. Mlango wa bweni una kazi mbili, nazo zote ni za lazima: aliye nje asiingie bila ruhusa, na aliye ndani atoke bila kuomba ruhusa. Mlango ufanyao moja na kuacha nyingine ni mlango nusu. Wala si jambo gumu kwa fundi: komeo lifungwalo na kufunguliwa kwa mkono kwa ndani, lisilohitaji ufunguo, hulinda pande zote mbili.

Tena mlango peke yake hautoshi kama vifaa vingine havipo. Katika chuo kikuu cha Seton Hall, Marekani, Januari 2000, moto ulizuka alfajiri katika bweni la ghorofa sita. Kengele ya hatari ililia, lakini kwa kuwa ilikuwa imelia bure mara nyingi, wengi hawakuinuka upesi. Vijana watatu wakafa. Mwaka uleule jimbo la New Jersey likaamuru mabweni yote yatiwe mabomba darini yanyunyizayo maji yenyewe joto linapozidi. Kwetu mabomba hayo ni ghali, lakini taa ya umeme wa jua si ghali kuliko mshumaa uliowaua wasichana wa Idodi.

Na nafasi pia ni kinga. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka wa 1961 na wanafunzi wapatao 14 tu. Mwaka wa 2017 yalifunguliwa majengo mapya 20 ya kulala wanafunzi 3,840. Hata hivyo wanafunzi wamekuwa wengi kuliko vitanda, nao wamezoea kugawana, wawili katika kitanda cha mmoja, jambo ambalo wenyewe huliita kubebana. Ni wema wa udugu, nasi hatuulaumu. Lakini chumba cha watu wanne kikilaza wanane, mlango wake haukuongezeka upana.

Wasomaji wetu wengi ni wazazi, na wengine ni wajumbe wa kamati za shule. Mwakani mtakapompeleka mtoto, msiishie ofisini penye stakabadhi. Ombeni kuonyeshwa bweni. Hesabuni milango, mkaisukume mwone yafungukia wapi. Tazameni kama madirisha yana nondo. Ulizeni ni nani ashikaye ufunguo usiku, naye hulala wapi. Ulizeni pia kama watoto wamewahi kufundishwa kutoka gizani kwa utaratibu, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Mwalimu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Yatampa nguvu ya kuomba fedha kwa wenye shule. Na mkiona kufuli kwa nje ya mlango wa bweni, msirudi nyumbani kabla haijaondolewa.