Historia Fupi ya Shule ya Mtakatifu Maria, Mbweni, na Namna Ilivyofundisha

Askofu William Tozer alipoteremka Unguja mwaka 1864 pamoja na Dakta Edward Steere, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, hapa kisiwani. Kwetu sisi wa Mbweni historia yote huanzia kwao, ingawa wao walikuwa wavulana na shule yetu ilikuwa ya wasichana.

Mabinti waliookolewa majahazini nao walifuata upesi. Mwaka 1871 Tozer alinunua shamba Mbweni, kando ya bahari, kusini mwa mji. Humo ikajengwa shule, na kuizunguka wakakaa watu wazima walioachwa huru, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Jirani yao alikuwa John Kirk, konsuli wa Uingereza, mtu aliyependa mimea kuliko siasa, ndivyo ninavyopenda kumfikiria mimi.

Kufundisha watoto hawa kulikuwa na ugumu wake hata kabla ya kufika kwenye a, e, i, o, u. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na wapo waliotekwa wakiwa wadogo mno kiasi cha kusahau kwao. Steere akashikilia kwamba wafundishwe kwa Kiswahili, wala wasigeuzwe Waingereza. Yeye mwenyewe alikisomea Kiswahili kwa masheikh wa mjini, akiwemo Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi, na ule mkusanyo wa ngano za Unguja. Misheni ikawa na mitambo yake ya kuchapa, na vijana waliokombolewa ndio waliopanga herufi. Kwa hiyo binti wa Mbweni alijifunza kusoma kwa karatasi zilizochapwa palepale kisiwani, kwa lugha aliyoisikia kila siku. Ni shule ngapi za leo zinaweza kujivunia hayo?

Mwaka 1877 alifika Bibi Caroline Thackeray, na hapa mniwie radhi nikikawia. Alikuwa wa ukoo mmoja na William Makepeace Thackeray, mwandishi wa riwaya, lakini sisi tunamsifu kwa ualimu wake. Aliiongoza shule hadi 1902, akaitolea fedha zake mwenyewe, na alipostaafu hakurudi kwao.

Msingi wa kazi yake ulikuwa huu: anayejua amfundishe asiyejua. Msichana aliyeendelea vizuri hakungoja kumaliza ndipo aitwe mwalimu. Alipewa watoto wadogo awafundishe kusoma, huku naye akiendelea na masomo yake. Palikuwa na kusoma, kuandika, hesabu, nyimbo, dini, na ushoni kwa wote. Wasioelekea sana vitabuni waliwekwa upande wa kazi: kupika, kufua, kulima. Wapo ambao mgawanyo huo haukuwapendeza, na nidhamu ilikuwa ya zama zile. Yaliyopita si ndwele.

Mwaka 1882 Kanisa la Mtakatifu Yohana lilikamilika hapo Mbweni, na mwaka huohuo Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, akafariki, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa.

Kaka zao mabinti wa Mbweni walikuwa Kiungani, shule ya wavulana ya misheni, nao hawakulala. Wanafunzi wa huko waliandika kwa mikono yao habari za kutekwa kwao, na A. C. Madan akazitafsiri na kuzitoa kitabuni mwaka 1887. Mwaka uliofuata likaanza kutoka huko jarida la *Msimulizi*, kwa Kiswahili.

Shule hizi mbili zilioana, kwa maana halisi ya neno. Lucy Magombeani wa Mbweni aliolewa na Cecil Majaliwa wa Kiungani, ambaye alipelekwa Chitangali, kusini mwa bara, mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa padri Mwafrika wa kwanza wa misheni. Vitabu vya kanisa humtaja sana Padri Majaliwa, naye anastahili. Humtaja kwa uchache mno Bi. Lucy, ambaye kwa haki alikuwa nusu ya misheni ile. Wako wengi mfano wake, mabinti wa Mbweni waliokwenda bara wakiwa na Biblia, sindano na ubao wa kuandikia, wakafundisha mahali ambapo Mzungu hakuwahi kukaa.

Yaliyofuata niyataje kwa haraka. 1897, utumwa ukaondolewa kisheria Unguja, na shule iliyolelewa na majahazi yale ikabidi ijitafutie wanafunzi wengine, jambo ambalo halikuwa jepesi. 1902, Bibi Thackeray akastaafu. 1926, akafariki, akazikwa Mbweni. 1964, baada ya Mapinduzi, shule za misheni zikawa za serikali. 1965, UMCA ikaungana na SPG, shirika jingine la misheni la Kianglikana, ikawa USPG. Magofu ya shule yetu yamo sasa katika uwanja wa hoteli, wageni hupiga picha. Kanisani bado watu husali, kwa Kiswahili.