Mbwaa ya Wameru: Siku ya Matembezi Kisiwani Manda

Nahodha wa Lamu hawaulizi wageni wa Takwa wangependa kuondoka saa ngapi, huwaambia. Magofu ya Takwa yako kisiwani Manda, ng'ambo ya maji kutoka mji wa Lamu, na njia ya kuyafikia kwa mashua ni hori nyembamba inayopenya kati ya mikoko. Maji yakijaa, chombo hufika karibu kabisa na magofu. Yakipwa, hori hugeuka tope, na aliyezubaa huko ndani atasubiri hadi bahari irudi. Kwa hiyo siku ya kutembea Manda ni siku ya utulivu upende usipende: kwenda na maji, kukaa kivulini, kula samaki na wali wa nazi, kurudi na maji.

Mgeni aliyetoka Nairobi au ng'ambo huona kupwa na kujaa huko kama sehemu ya starehe. Mgeni aliyetoka Meru ana sababu ya kuyatazama maji hayo kwa makini zaidi. Hadithi kongwe kuliko zote kwao, ile inayoeleza walikotoka, inasema kwamba wazee wao waliishi kisiwani, na kwamba waliokoka kwa sababu maji yaliondoka.

Kisiwa hicho wanakiita Mbwaa. Huko, wasimulizi wanasema, watu waliishi chini ya Nguuntune, wenye nguo nyekundu, waliowafanya watumwa. Hatimaye mabwana hao waliwapa majaribu, moja gumu kuliko jingine, na mauti yakiwa adhabu ya kushindwa. Watengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini. Wakakata ngozi ya kidari cha fahali, ile inayoning'inia shingoni, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Walete mbwa mwenye pembe. Wakampachika mbwa pembe ndogo za digidigi. Watoe tunda ndani ya shimo refu bila kulishika wala kulichoma. Wakamimina maji, tunda likaelea hadi juu. Mwishowe wakaamriwa wafue mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Hapo akili ilifika mwisho wake, na shauri likawa ni kukimbia.

Aliyewaongoza anakumbukwa kwa jina la Koomenjwe. Walipofika ukingoni aliyapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, na watu wakapita na mifugo yao. Kuvuka kulichukua muda, na hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa sheria ya jamii. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, mbingu ikiwa na wekundu, wakawa Ntune. Waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakawa Njeru, weupe. Koo za Wameru zilipangwa chini ya rangi hizo tatu. Mugwe naye, kiongozi wa dini aliyeubariki umma wake kwa mkono wa kushoto, heshima yake ilifuatishwa nyuma hadi kwa yule aliyewavusha watu majini.

Ni rahisi kusema haya yote yametoka katika kitabu cha Kutoka, kwamba Koomenjwe ni Musa aliyevishwa ngozi ya mbuzi. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911 na Wamethodisti wakaanza kazi Kaaga mwaka 1912, kwa hiyo kulikuwa na muda wa Biblia kuingia katika simulizi. Bernardo Bernardi, padre wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, aliliona swali hilo vizuri. Kitabu chake kuhusu Mugwe, kilichotoka mwaka 1959, ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kuichukua Mbwaa kama jambo la kuchunguzwa kwa dhati. Mimi naona hoja ya Biblia haitoshi. Musa hakuagizwa alete mbwa mwenye pembe. Na mgawanyo wa koo kwa rangi, ulioshika mizizi katika maisha ya watu, haupandwi na mahubiri ya miaka michache. Inawezekana fimbo ya Koomenjwe ilipata nguvu mpya baada ya watu kusikia habari za Musa. Kisiwa chenyewe hakihitaji Biblia.

Kuhusu mahali kilipo kisiwa hicho, mtafiti aliyelisema jambo waziwazi ni Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuyachapisha katika kitabu cha mwaka 1993. Alikisia kwamba Mbwaa ni Manda, na kwamba watu waliondoka huko mapema katika karne ya 18. Ukiwa kisiwani, hoja yake inaeleweka bila shida. Manda si kisiwa cha mbali. Upande mmoja kinatengwa na bara kwa mkondo wa Mkanda, mwembamba na wenye maji haba, ambao hata tembo wamejulikana kuuvuka. Watu wanaoijua bahari wangechagua usiku wa bamvua, maji yapwe kabisa, wapite na ng'ombe na watoto kabla hayajarudi. Wanaowafuata wakifika wamechelewa, maji yatakuwa yamejaa tena. Mtu wa bara akimsimulia mjukuu wake ambaye hajawahi kuona kupwa wala kujaa, atasema nini isipokuwa kwamba bahari ilifunguka, kisha ikajifunga?

Takwa yenyewe inaongeza mvuto wa dhana hiyo. Mji huu uliishi takriban kati ya mwaka 1500 na 1700. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama sehemu kubwa, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo inayoonekana kabla hujaukaribia. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka unaolingana na 1681 au 1682. James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951, na mwaka 1982 Takwa ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kitaifa. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, nyingi zina vyoo na mahali pa kuogea, na mibuyu imejiotea katikati ya kuta. Kwa nini watu waliondoka? Hutajwa maji ya visima yaliyoingia chumvi, na ugomvi na watu wa kisiwa jirani cha Pate. Walihamia Shela, upande wa pili wa maji, na wazawa wa Shela wameendelea kurudi kwenye kaburi la mnara kuomba mvua.

Kwa hiyo miaka ambayo Takwa ilikuwa ikikaribia mwisho wake inakaribiana na miaka ambayo Fadiman aliiwekea safari ya Wameru. Inashawishi kuunganisha, na mwongozaji mwenye maneno mazuri anaweza kukuonyesha hata mlango waliotokea. Lakini hakuna chochote kilichochimbwa Takwa kinachowataja Wameru. Wala masimulizi hayawataji watu wa Lamu au wa Pate kuwa Nguuntune, na si haki kwa mgeni kutoka mlimani kumtazama mwenyeji aliyemkaribisha chakula kana kwamba ana deni la karne tatu. Nasema hivi kwa sababu nimesikia dai la deni hilo likitolewa kwa wepesi mno.

Kuna kizingiti kingine kikubwa, nacho ni lugha. Kimeru ni ndugu wa Kiembu, Kikikuyu na Kikamba. Hakimo katika kundi la Kiswahili, Kipokomo na lugha za Wamijikenda. Kama Wameru wote wangelikuwa wameondoka Lamu miaka mia tatu tu iliyopita, lugha yao ingeonyesha ujirani huo kwa uwazi. Wachimbaji nao wamepata katika miteremko ya Mlima Kenya vyungu vya aina inayoitwa Gatung'ang'a, vya karne ya 12 hivi. Watu walikuwa wakilima na kufinyanga huko zamani kabla ya usiku wowote wa Mbwaa.

Hukumu yangu ni hii: kundi fulani lilitoka kweli pwani, likafuata mto Tana, likapita nyika hadi Tharaka, ambako kilima cha Ntugi kinatajwa sana katika masimulizi, kisha likachanganyika na watu waliokuwako. Hadithi ya hao wachache ilikuwa na nguvu kuliko idadi yao. Ilikuwa na dhuluma, akili, kiongozi na maji yaliyogawanyika. Wenyeji wakaipokea, na kila ukoo ukajitafutia saa yake ya kuvuka.

Ajabu ni kwamba Manda penyewe pamewahi kuzusha mjadala wa namna hiyohiyo, kwa upande wa Waswahili. Kaskazini mwa kisiwa kuna magofu mengine, ya Manda mkuu, mji wa tangu karne ya 9. Neville Chittick alianza kuchimba hapo mwaka 1966, akakuta vyungu vya Ghuba ya Uajemi na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mapande makubwa mno ya matumbawe. Akaona hiyo ni kazi ya wahamiaji waliotoka ng'ambo, sawa na zisemavyo simulizi za Waswahili wanaojiita Washirazi. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akaonyesha mji uliokua hatua kwa hatua kutoka kwa wenyeji wa Afrika wenyewe. Leo wataalamu wengi huisoma hadithi ya Shirazi kama fahari ya wachache iliyokuja kuwa nasaba ya wengi. Jamii mbili zilizotenganishwa na nyika ya zaidi ya kilomita 400, moja ikisema ilifika mwambao huu kwa bahari, nyingine ikisema iliikimbia bahari hiyohiyo.

Embu, jirani ya Meru upande wa kusini, haina Mbwaa kwa namna hii. Ukivuka mto Thuci kuelekea kusini, asili ya watu inakuwa Mwenendega, ambaye msitu wake mtakatifu uko karibu na Runyenjes, na mwanamke mrembo aliyemkuta kando ya maji. Kwa Waembu hakuna safari: watu wametokea palepale walipo. Lakini mwanahistoria H. S. K. Mwaniki, aliyekusanya maneno ya wazee wa Embu na Mbeere miaka ya 1970, alikuta pia koo zinazosema zilitoka upande wa Meru na Tharaka. Pengine Embu ndiko mahali ambapo wenyeji wa kale waliishika hadithi yao na hawakuiachia nafasi ile ya wageni.

Njia kutoka Lamu hadi Meru si ya kubuni tu. Septemba 1892 Mmarekani William Astor Chanler, pamoja na Ludwig von Höhnel, aliondoka Lamu na msafara wa wapagazi, akafuata Tana kwenda juu, akafika nchi za Tharaka na Meru. Wapagazi wake walitembea kwa miguu karibu njia ileile ambayo wasimulizi wanawapa watu wa Koomenjwe. Sasa mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, unataka kuunganisha bandari hiyo na Isiolo, mlangoni mwa Meru. Na miraa ya Igembe huwasili Lamu bila kungoja barabara yoyote mpya. Jioni utaikuta barazani, pamoja na vijana wa Maua wanaoiuza, wengi wao hawajawahi kuvuka kwenda Takwa.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayosimamia Takwa, na ndiyo yanayosimamia pia jumba la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 katika ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya. Ningependa yaweke ubao mmoja pale hori inapoishia, kwa Kiswahili, Kimeru na Kiingereza, wenye habari za Mbwaa: kiatu cha manyoya, tunda lililoelea, usiku wa kuvuka, na dhana ya Fadiman pamoja na yanayoipinga. Mgeni anayesubiri maji yajae ana muda wa kutosha wa kuusoma wote.