Kuridhika na Kuchoka

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kueleza hali ya mtu anayeona maisha yake yanamfaa, na si maneno pacha. Kuna kuridhika, ambalo ni ndugu wa radhi, ile radhi tunayoiomba kwa wazazi wetu. Anayeridhika amekubali jambo, ametoa ruhusa. Kuna kutosheka, ambalo linatokana na kutosha, neno la kibaba na pishi: kipimo kimejaa. Na kuna kukinai, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Aliyekinai ni mtu asiyetamani vya wenzake, naye husifiwa msikitini na kanisani. Lakini mtu aliyekula ugali wa muhogo asubuhi, mchana na jioni kwa mwezi mzima, naye pia husema amekinai, maana yake hataki hata kuuona. Neno moja limebeba amani na kichefuchefu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31 katika shule za Korogwe na Handeni, na kila nilipolifikia neno hili darasani nilimkumbuka marehemu baba yangu.

Baba alikuwa manamba. Kwa msomaji kijana ambaye hakulikuta neno hilo, manamba walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge walioandikishwa mbali na makwao, wakapewa namba, na jina likazaliwa humo. Walitoka Unyamwezi, Uha, Ubena, na wengine walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Baba aliandikishwa upande wa Tabora mwaka 1951, wakati bei ya katani ilipokuwa imepanda sana kwa sababu ya vita vya Korea. Alipanda gari moshi, kisha lori, akashushwa katika kambi moja ya mkonge karibu na Korogwe, akiwa na blanketi na kijana mwenziwe wa kijiji kimoja. Yule mwenziwe alirudi kwao mkataba ulipokwisha. Baba hakurudi.

Tulipomwuliza kwa nini, alijibu neno moja tu: "Yanitosha." Hakulieleza. Nami kwa muda mrefu nimejiuliza kama lilikuwa neno la mtu aliyeridhika au la mtu aliyechoka.

Ili kulipima neno hilo lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu katika wilaya zetu hizi kutosheka hakukuwa siku zote jambo la moyoni tu. Kuna wakati kulikuwa karibu sawa na kosa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 bonde zima la Pangani lilijaa majani yenye miiba. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakafuata reli kama siafu wanavyofuata njia yao.

Miche ilikuwapo, reli ilikuwapo, watu wa kazi hawakuwapo. Mzigua mwenye shamba la mahindi, mbuzi wachache na ghala lililojaa hakuona sababu ya kwenda kumkatia mgeni mkonge. Wasambaa milimani vivyo hivyo. Walowezi wakaandika na kusema kwamba mtu mweusi ni mvivu. Kwa maoni yangu walichokuwa wakikilalamikia si uvivu, maana palizi ya mahindi kwa jembe la mkono si kazi ya mvivu. Walilalamikia shibe ya mtu ambaye hakuwahitaji. Dawa yake ilikuwa kodi. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini, na mojawapo ya nia zake ilikuwa kumfanya mtu atafute fedha ambayo shamba lake halikumpa. Huko Usambara, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, walikwenda mbali zaidi: mwanamume alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Mtu hakuachwa aseme mwenyewe kipimo chake kimejaa; kilipimwa ofisini.

Kadi hiyo ilikuwa na binamu yake wakati wa Waingereza, nacho ni kipande. Kipande cha baba nilikiona nikiwa mtoto. Kilikuwa na nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, karani anatia alama. Usipoimaliza, siku hiyo imepotea hata kama ulitoka alfajiri. Nafasi zote 30 zikijaa ndipo ulipwe. Kazi ya mkataji ilihesabiwa kwa mafungu, kila fungu majani 30, na mwiba wa ncha ya jani la mkonge hauulizi kama mtu ameamka vizuri. Majani yalipelekwa korona kuchunwa, na kwa kila kilo 100 za majani zilipatikana kilo 4 hivi za katani. Zilizobaki zilimwagwa zikanuka, na harufu ile ndiyo harufu ya utoto wangu. Sisi watoto wa kambini hatukuisikia tena. Wageni ndio walioziba pua. Nadhani hapo pana jambo la kufikiriwa na wanaosema kwamba mtu akizoea ameridhika.

Nirudi kwa baba. Mkataba wake ulipokwisha alikuwa na haki ya kurudishwa kwao, na hakuitumia. Hoja ya kuchoka ina nguvu: mgongo ulikuwa umeanza kumwuma, akiba ilikuwa ndogo, na kurudi mikono mitupu ni aibu inayowazuia wengi hata leo, wakiwemo vijana wetu walioko Dar es Salaam. Lakini iko hoja nyingine. Alikuwa amemwoa mama, Mzigua wa upande wa Handeni, na kwa Wazigua wa zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mjomba akawapa eneo la kulima upande wa pili wa Mto Pangani. Baba akaacha kuwa namba. Aliendelea kukata mkonge kwa vipindi, alipotaka fedha za karo au bati, na msimu wa mvua alikuwa shambani kwake. Alifanya, bila kujua, jambo lile lile lililowaudhi walowezi wa kwanza: alijifunza kusema kazi yenu nitaifanya ikinifaa. Sioni uchovu katika hilo.

Kisha mkonge wenyewe ukachoka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000, hakuna nchi iliyotoa zaidi. Baadaye kamba za nailoni na plastiki ziliharibu soko, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mashamba yalipokuwa yakiuzwa tena kwa watu binafsi, nchi nzima haikufikisha tani 30,000. Kambi zilibaki na wazee. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwatembelea wengi wao, na lazima niseme kweli: kwa wengine "yanitosha" ilikuwa pazia tu. Nyuma yake palikuwa na mtu aliyesahau majina ya watoto wa dada yake, aliyeogopa kuandika barua kwa sababu hakujua nani yuko hai wa kuisoma. Walitumia neno lile lile alilotumia baba, kwa sauti ile ile. Hivyo neno peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Wapo watu wengine wa Handeni ambao habari zao zimenifundisha zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua. Watu waliuzwa, na wengine walijikabidhi wenyewe kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapate kula. Wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Somalia, wakawa watumwa. Baadhi yao walitoroka, wakaingia msituni kando ya Mto Juba wakafanya makao. Masimulizi yao humtaja mwanamke mwonaji, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walikaa huko vizazi vingi, wakalima mahindi na ufuta, wakasilimu, na walikuwa na kila sababu ya kusema imetosha, hapa ndipo kwetu. Lakini lugha hawakuiacha. Kizigua kilisemwa kando ya Juba zaidi ya miaka 150 baada ya jahazi la mwisho.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikawavamia, wengi walikimbilia Kenya, na wengine wakaja kwa bahari hadi Tanzania. Waliofika kwetu waliwekwa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 ukafunguliwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, ambako kila familia ilipewa ardhi. Hadi katikati ya mwaka 2009 zaidi ya 1,300 walikuwa wamepata uraia wa Tanzania. Mwaka ule ule wa 2003 wenzao waliokuwa kambini Kenya walianza kupelekwa Marekani, watu zaidi ya 12,000 kwa ujumla.

Nilikwenda Chogo baada ya kustaafu, nikiwa na hamu ya kusikia Kizigua chao. Nilikisikia, na nilikielewa, ingawa kina maneno ambayo mama yangu asingeyajua. Nilitarajia kukuta watu waliofika. Nilikuta kaya ambazo baba analima na kusema hapa ndipo babu zetu walipochukuliwa, sina safari nyingine, na kijana wake, chini ya mwembe huo huo, anaulizia habari za binamu walioko Marekani na kusema ardhi ya babu haina maji. Kijana alikuwa na haki, maana Handeni mvua huweza kukosa misimu miwili mfululizo, na njaa iliyowatoa mababu zake haijawahi kuwa hadithi tu. Mzee naye alikuwa na haki. Sikuona sababu ya kuwapatanisha.

Mzee mmoja wao aliniuliza ukoo wangu. Nikamtajia wa mama, akafurahi, tukahesabiana hadi tukakosa majina. Kisha akauliza wa baba. Nikamwambia ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwamba sijapata kufika kijijini kwake, ingawa wadogo zake waliwahi kutuandikia kwamba sehemu yetu ya shamba ipo.

"Sasa mjomba," akasema, "wewe utarudi lini?"

Nilicheka, naye hakucheka. Alingoja jibu kama mtu anayeuliza bei. Nikamwambia kwamba nina ekari 3 upande wa Segera, michungwa 40 inayozaa, na mahindi yanayongoja palizi wiki ile. Na kwamba nauli ya Tabora ninayo, si shida. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza mahindi yangu ni ya mbegu gani.