Bao la Kete na Sheria za Bweni Letu

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, kamati ya maandalizi imetangaza shindano la bao siku ya mkutano wetu, ila haikusema tutacheza kwa sheria za wapi. Aliyelala bweni letu anajua kwamba hilo si swali dogo.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikafika Ujiji, na hapo wengi walivuka ziwa kwenda Manyema. Kwa hiyo watu wa pwani, Waha na Wamanyema walikwisha kuwa majirani miaka mingi kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Katika mji wa namna hiyo ni vigumu bao kuwa moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi, ambazo hunamua moja moja; zikiisha ndipo mtaji huanza. Igisoro ya Rwanda, kaskazini ya Burundi, ina mashimo na kete idadi ile ile, lakini haina kunamua: kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo. Watoto nao wana bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. (Wengi wetu tulianzia huko, tusijidai.)

Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar akatoa kitabu mwaka 1995. Sheria za visiwani zimepata karatasi. Za barazani kwetu zimebaki midomoni mwa wazee.

Ugomvi wa bweni ulihusu nyumba. Wakati wa kunamua, aliyekula akamalizia kete katika nyumba yake ana hiari ya kulala au kusafiri. Wenzetu wa pwani walisema hiari hiyo haina masharti. Sisi wengine tulishikilia kwamba ni lazima itamkwe kabla mkono haujainuka ubaoni. Usiku mmoja rafiki yangu alilala kimya kimya, akashinda. Niliugeuza ubao, kete zikatawanyika chini ya vitanda.

Kesho yake kiranja alibandika mlangoni karatasi ya daftari: hiari hutamkwa, kete ikishatua hairudi, mtazamaji asiseme. Tuliifuata mpaka tulipohitimu, na hata waliotoka pwani waliitetea mbele ya mabweni mengine. Lakini mimi na rafiki yangu hatukucheza tena.

Jina lake nimeliona katika orodha ya watakaohudhuria. Nitakuja na ubao wangu wa mninga. Naiomba kamati itupange sisi wawili mchezo wa kwanza, na sheria azichague yeye.