"Kamera haikupendi": historia fupi ya mwili wa mwigizaji, kutoka Bujora hadi Bongo Movie

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni hapa Mwanza, kikundi kimoja cha wanafunzi kilitangaza usaili wa filamu fupi. Tulijitokeza kama arobaini hivi. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Ukerewe ambaye alipoigiza kipande chake cha mama aliyefiwa, chumba kizima kilinyamaza. Jioni majina yalipobandikwa, lake halikuwepo. Alipouliza, akajibiwa kwa upole kabisa: "Umeigiza vizuri sana, dada, ila kamera haikupendi."

Kama umewahi kusaka nafasi ya kuigiza, nadhani unaijua sentensi hiyo, au nduguze: "Punguza kidogo." "Ongeza shepu kidogo." "Ungekuwa mweupe kidogo." Wanaume nao huambiwa wakanyanyue vyuma kwanza. Zote husemwa kana kwamba kamera ina moyo wake, na kazi yako ni kuubembeleza.

Leo nataka tuifuatilie sentensi hii ilikotoka. Ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni fupi kuliko umri wa wazazi wetu.

Kabla ya kamera

Tuanzie karibu. Toka mjini Mwanza kuelekea Kisesa, kilomita zisizozidi ishirini, utafika Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Kila Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, hapo hushindana vikundi vya ngoma vinavyotokana na vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu. Unajua mshindi hupatikanaje? Kwa desturi, ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huamua kwa miguu yao.

Fikiria kipimo hicho kinataka mwili wa namna gani. Mcheza bugobogobo anarusha jembe na kulidaka huku ngoma kubwa zikilia, juani, kwa muda mrefu. Anahitaji pumzi, wepesi na ubunifu wa kumshangaza mtu aliyesimama mbali. Kutoka mbali hakuna anayeona chunusi zako wala upana wa pua yako. Sisemi kwamba wazee wetu hawakuwa na vigezo vya uzuri. Walikuwa navyo, tena vikali. Ila jukwaani vigezo hivyo havikuwa mlango wa kuingilia.

Kisha ikaja redio. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Pwagu na Pwaguzi wakiwa miongoni mwa waliopendwa zaidi. Mwaka 1993 ukaanza mchezo wa Twende na Wakati, uliofundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na watafiti wa mawasiliano wanauzungumzia hadi leo. Kwenye redio, mwigizaji mnene, mwembamba, mweusi, mwenye makovu, wote walikuwa sauti tu. Msikilizaji ndiye aliyewavisha miili.

Hata shuleni ilikuwa hivyo. Kati ya 1999 na 2002, mradi wa MEMA kwa Vijana ulifanyika katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza, na ndani yake wanafunzi wa shule za msingi waliwaigizia wenzao michezo mifupi kuhusu afya ya uzazi. Kilichohitajika ni mtoto anayeweza kukariri na kusikika mpaka dawati la nyuma.

Ukonde uliotisha

Hapa lazima tusimame kidogo, maana ufuoni mwa Ziwa Victoria mwili mwembamba una historia ya peke yake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka hapa tulipo. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za mtindo zilizovuma wakati huo kwenye biashara ya mpakani. Upande wa Uganda waliuita Slim, yaani mwembamba, na mwaka 1985 madaktari waliueleza kwa jina hilohilo katika jarida la The Lancet. Kwa miaka mingi, kukonda ghafla katika miji na mialo ya ziwa hili kulitosha kuanzisha minong'ono. Mtu aliyenenepa aliambiwa "umependeza" na watu walimaanisha: umzima.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kupenda wembamba ni "asili" au "ndivyo watu wanavyotaka". Hapa kwetu, miaka thelathini na kitu tu iliyopita, wembamba ulitangaza msiba.

Mwaka 1994

Sasa twende kwenye mwaka ninaouona kuwa wa mageuzi. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, ila bara tulisubiri mpaka katikati ya miaka ya 1990, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Mwaka huohuo wa 1994 mashindano ya Miss Tanzania yalirudi. Yalikuwa yamefanyika mwaka 1967, kisha yakafungiwa. Si jambo la kushangaza: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Dola nayo ilikuwa na maoni yake kuhusu mwili wa kijana, na wasichana wengine walidhalilishwa mitaani kwa sababu hiyo. Usidhani basi kwamba zamani mwili uliachwa huru. Ulikuwa na bwana mwingine tu.

Televisheni na umisi vilikuja pamoja, na filamu zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waigizaji wa vikundi vya maigizo ya televisheni, kama Kaole Sanaa, walianza kutengeneza filamu za video. Mmoja wao alikuwa Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, jirani zetu kabisa. Mwaka 2006 Wema Sepetu akawa Miss Tanzania, na hazikupita siku nyingi akaonekana na Kanumba katika A Point of No Return. Jokate Mwegelo, aliyeshindana naye mwaka huohuo, naye aliingia kwenye filamu. Njia ikafunguka: kutoka jukwaa la umisi moja kwa moja hadi kwenye kava.

Neno kava ni muhimu. Filamu hizi ziliuzwa kwa kanda, VCD na DVD. Mnunuzi dukani hawezi kusikia sauti yako wala kupima kilio chako. Anaona kava. Msambazaji anayelipa fedha anajua hivyo, filamu yenyewe inapigwa kwa siku chache, na hakuna muda wa kumfundisha mtu. Sura iliyokwisha kujulikana ndiyo mtaji wa haraka. Hakukuwa na kikao kilichoamua kwamba mwigizaji afanane na misi. Ni biashara ya kava iliyoamua, taratibu, filamu moja baada ya nyingine.

Wanene hawakufukuzwa, walipangiwa vyumba. Marehemu King Majuto alitamba katika vichekesho. JB, yaani Jacob Stephen, alijulikana kwa jina la Bonge la Bwana na akapata nafasi kubwakubwa. Lakini hebu hesabu mwenyewe: katika filamu ulizotazama, mwanamke mnene alikuwa mpenzi wa mhusika mkuu mara ngapi, na alikuwa mama mkwe mkorofi mara ngapi?

Tena kipimo chenyewe hakitulii. Umisi unataka kimbaumbau, video za muziki zinataka figa namba nane. Ndipo zikaingia sokoni zile dawa za kuongeza makalio ambazo mtaani zinaitwa "mchina". Msichana mmoja anaambiwa apunguze kiuno na aongeze nyonga, ndani ya wiki moja.

Kamera inaonaje?

Sasa sayansi. Kamera haipendi mtu, inapima mwanga.

Ukiiacha kamera ijipangie yenyewe, inachukua wastani wa mwanga wote unaoingia na kuufanya uwe wa kati: usiwe mweupe mno wala mweusi mno. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso wa mtu wako unazama gizani. Mwenzake mweupe anabaki akionekana. Mwongozaji anatazama skrini na kusema, "Huyu kamera haimpendi." Kosa ni la ukuta na taa.

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa "ya kawaida". Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji Mfaransa Jean-Luc Godard alipokuwa Msumbiji alikataa kutumia filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipochunguza historia hiyo aliambiwa kwamba Kodak walisukumwa kurekebisha na watengenezaji wa samani na chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za mbao na chokoleti zao hazitofautiani pichani. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla yetu.

Lenzi nayo ina mambo yake. Simu ikiwekwa karibu sana na uso, kilicho mbele kinakuzwa: pua inaonekana pana, masikio yanarudi nyuma. Rudi nyuma mita moja na nusu, uso unarudi kuwa wako. Usaili mwingi siku hizi hufanyika kwa video ya simu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Unaelewa ninakoelekea.

Gharama

Wiki chache baada ya ule usaili, yule dada alikuwa na sabuni mpya bafuni. Hakutangaza, nasi hatukuuliza.

Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuchunguza sumu ya zebaki kule Minamata, walichapisha matokeo ya vipimo vya nywele za watu wa ukanda wetu: wachimbaji dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa jiji la Mwanza. Walitarajia zebaki itoke kwenye machimbo au samaki. Lakini baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi sana walikuwa wakazi wa Mwanza na watu wa familia za wavuvi, na chanzo kilikuwa sabuni ya kuogea yenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana "inang'arisha". Pia huharibu figo na mishipa ya fahamu. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003 iliweka udhibiti wa vipodozi, na vyenye zebaki vimepigwa marufuku, lakini mkorogo bado unauzwa.

Kuhusu kula, ushahidi maarufu unatoka Fiji, visiwa ambako mwili mnene uliheshimiwa kama huku kwetu. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo na tena mwaka 1998. Wenye dalili za kutia wasiwasi katika ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Waliojitapisha ili kudhibiti uzito walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Tuwe waangalifu: kila mara walikuwa wasichana sitini na kitu tu, na si walewale, kwa hiyo haithibitishi peke yake kwamba televisheni ndiyo iliyosababisha. Lakini miaka mitatu ni michache sana kwa mabadiliko kama hayo.

Jaribio la dirishani

Mwanza tunajua uchungu wa kuchaguliwa sura na mtu mwingine. Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara, ilipouonyesha mji wetu kwa dunia, wengi walihisi wameonewa. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana. Kumbe tunaelewa vizuri kwamba kamera huelekezwa na mtu. Kwa nini tunasahau tukifika kwenye usaili?

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili. Muombe rafiki akupige video ya simu mara mbili. Kwanza, simama mbele ya ukuta mweupe, simu ikiwa sentimita thelathini kutoka usoni. Pili, geukia dirisha, nyuma yako tundika khanga ya rangi iliyokolea, simu iwe mita moja na nusu, na umwambie aguse uso wako kwenye skrini ili kamera ipime mwanga hapo. Sema maneno yaleyale mara zote mbili. Kisha linganisha.

Na wewe unayeongoza filamu za chuo, fanya hivyohivyo kabla ya kubandika majina. Jaribu pia kusikiliza usaili huku umefumba macho, kama wazazi wetu walivyosikiliza redio. Yule dada wa Ukerewe sikuwahi kumwona tena akiigiza. Ukuta wa chumba kile cha usaili, nakumbuka, ulikuwa mweupe pe.