Upande wa pili

Kijana wa leo ukimwambia "geuza upande", atadhani unazungumzia chapati. Enzi za santuri, upande ulikuwa sehemu ya utunzi. Nimeirudia albamu Tapestry ya Carole King, ya mwaka 1971, niliyoipenda ujanani: nyimbo 12, sita kila upande. Simu huzipiga mfululizo, bila kupumua. Zamani "You've Got a Friend" uliusikia baada ya kunyanyuka, kugeuza santuri na kushusha sindano upya. Upande huohuo umo "Will You Love Me Tomorrow?", ulioimbwa kwanza na kundi la Shirelles mwaka 1960; hapa King, mmoja wa watunzi wake, anauimba taratibu zaidi, na sasa ndio ninaoupenda kuliko zote. "Smackwater Jack"? Huo hata zamani niliuruka.